Koti Lililokunywa Mvua ya Kanduyi

Jumatatu, 14 Agosti 2006. Kitale.

Kumeamka na manyunyu na ile baridi ya kuuma masikio. Cherehani yangu bado imefunikwa na nailoni pale verandani, na mteja wangu wa sare za kwaya bila shaka ameshafika akanikosa. Anisamehe. Nimekuja hapa saiba kwanza, kompyuta ya pembeni, kwa sababu nikianza kushona kabla ya kuandika haya nitajidunga sindano.

Nina aibu na nina furaha. Sijui ni gani iko mbele ya nyingine.

Jumamosi nilienda Kanduyi, kwa kina Nekesa, ili mama yake anione.

Lakini nianze na huu mwili, maana ndio ulileta maneno yote. Mimi ni mwembamba. Si ule wembamba ambao watu wanasema "ako sawa tu, anahitaji kupumzika". Shuleni niliitwa Waya, na hapa mjini wenye maduka wananiita Sindano, jina ambalo angalau linaingiana na kazi. Suruali zangu nashona mwenyewe, kwa sababu kwenye mitumba zile za kiuno changu huwa ni za watoto wa shule. Nakula vizuri. Nakula kuliko wewe unayesoma. Chakula kinaingia, kinanisalimia, kinapita.

Sasa kuna siri ya kazi nitaiandika hapa kwa sababu wateja wangu hawasomi blogu. Nikimpima mwanamke, nasoma kwa sauti inchi mbili chini ya ile tepu inaonyesha, halafu kwenye daftari naandika ile ya ukweli. Mama anasikia "arobaini", anatabasamu, na gauni likiisha linamkaa sawa kwa sababu nililikata arobaini na mbili. Tangu nianze ufundi hakuna aliyelalamika. Zaituni, mwenye duka la vitambaa ambaye ameniachia veranda yake niweke cherehani, husema mimi ni mwongo mwenye adabu.

Nekesa alikuja mwaka jana mwezi wa tano na kitenge cha rangi ya chungwa. Yeye ni mpishi katika shule moja ya bweni nje ya mji, ule upishi wa sufuria ambayo mtu mzima anaweza kuogea ndani. Nikampima kiuno, nikasoma uongo wangu wa kila siku. Akanishika mkono, akainama, akaangalia tepu mwenyewe.

"Si hapa ni arobaini na sita? Soma vile iko, bana. Mimi najua nilivyo."

Nikasoma vile iko. Na nyonga nikasoma vile iko, hamsini na nne. Zaituni alitoa kichwa dukani kuangalia ni nani huyo anatangazwa hivyo mchana kweupe. Nekesa alikuwa amesimama tu, mikono ameinua, anatabasamu, na mimi nikaandika kifua mahali pa mgongo.

Niseme ukweli kwa kuwa shajara ni yangu. Nilimpenda kwa macho kwanza. Kanisani tunaambiwa mtu apende roho, na roho yake nilikuja kuijua baadaye, ni nzuri mno, lakini siku ile roho sikuwa nimeiona. Niliona mabega. Niliona shingo yenye mikunjo miwili, mikono ya mtu aliyesonga ugali wa shule nzima kwa miaka, na jinsi alivyoondoka pale verandani polepole bila kujikunja wala kujificha. Kina dada wengi wananiletea kurasa za magazeti zenye wasichana wa mbavu, wananiambia niwashonee wafanane nao. Mimi mbavu ninazo nyumbani, sina hamu nazo.

Na yeye aliona nini kwangu? Nimemuuliza mara nyingi kuliko inavyofaa. Siku moja, nafikiri alikuwa amechoka na swali, akaniambia, "Wewe ukicheka unacheka mwili wote. Hakuna mahali unaweza kuficha." Sikujua kama nimesifiwa. Nilikaa na hilo jibu wiki nzima, mwishowe nikaamua nimesifiwa.

Tukitembea pamoja mjini, watu hawakosi la kusema. Ati Nekesa amfunge huyo na kamba, upepo wa Mlima Elgon usije ukamchukua. Ati wakilala nani atamtafuta mwenzake asubuhi. Yeye hucheka na kuwajibu, tena anawajibu vizuri hadi wanaomba radhi. Mimi hucheka pia. Lakini nikifika nyumbani navua shati, nasimama mbele ya kioo, na kicheko kinaisha.

Hapo ndipo Kanduyi inaingia.

Nekesa alikuwa na dada mkubwa. Dada huyo aliolewa na mwanaume mwembamba ambaye kila mwaka alizidi kuwa mwembamba. Watu wakasema ni malaria, wakasema ni vidonda vya tumbo, wengine wakasema amerogwa. Akafa. Mwaka uliofuata dada naye akafa, na mama yao akabaki na wajukuu wawili wa kulea. Ule ugonjwa sote tunaujua, ni vile tu tunauita kila jina isipokuwa lake. Tangu siku hiyo mama yake Nekesa ana sheria moja kwake: mwanaume mwembamba hatachukua msichana mwingine katika ile nyumba. Na Nekesa aliniambia wazi, macho kwa macho, kwamba ananipenda, lakini bila neno la mama yake haolewi. Mama alishazika mtoto mmoja, na yeye hataki kuwa sababu ya huyo mama kukosa usingizi tena.

Tulishapimwa, mimi na yeye. Tulienda pamoja mwezi wa tatu kwenye kituo cha kupima hapa Kitale, tukakaa kwenye benchi moja bila kuongea, na tukatoka wote wawili wazima. Lakini pale hawakupi karatasi. Unaambiwa majibu kwa mdomo, unashukuru, unaenda zako. Kwa hivyo mbele ya mama yake nilikuwa na vitu viwili tu vya kunitetea, mdomo wangu na mwili huu.

Mtu mwenye akili angetegemea mdomo. Mimi ni fundi, nikategemea koti.

Nilishona wiki mbili. Kitambaa cha kijivu, vifungo vitatu, kola imekaa vizuri. Katikati ya kitambaa na bitana nikaweka sponji. Si zile pedi ndogo za mabega ambazo kila fundi anaweka. Nilichukua kipande cha sponji ya godoro, nikakipasua kwa wembe vipande vyembamba, nikavipanga kifuani, mgongoni, mabegani, na kwenye mikono mpaka karibu na viwiko. Kazi safi, hilo siwezi kulikana. Nilipolivaa mbele ya kioo kirefu cha Zaituni niliona mwanaume. Kifua kiko, mabega yako. Zaituni akanizunguka mara mbili.

"Wallahi umependeza," akasema. "Lakini kichwa mbona kimebaki cha zamani?"

Nekesa sikumwambia. Shule zilikuwa zimefunga na yeye alishatangulia nyumbani.

Nilishuka Kanduyi saa nane mchana. Ni mwaka wa kutahiri kwetu Wabukusu, basi barabara ilikuwa imejaa vijana na kengele zao na jamaa zao wakiimba nyuma, na jua lilikuwa lile kali ambalo ukilisikia tu unajua mvua iko njiani. Ndani ya koti nilikuwa naiva. Nikachukua boda boda ya baiskeli. Tulipopita uwanja, mvua ikaanguka yote mara moja, bila hata kutuonya. Mwendeshaji akauliza tujikinge, mimi nikasema twende, nimechelewa, mama wa watu ananingoja. Tukaenda. Baada ya mwendo kidogo jamaa akaanza kuhema. Kwenye mlima mdogo akashuka, akaanza kusukuma, akanigeukia.

"Bana, mimi nilikubeba ukiwa mtu mmoja!"

Nikadhani anatania. Kumbe alikuwa anasema kile miguu yake inasikia.

Mlangoni nilipokelewa na senge, yaani shangazi yake Nekesa, dada ya marehemu baba yake. Ni mama wa sauti kubwa na mikono mikubwa zaidi. "Woi, mgeni wetu ameloa!" akasema, na kabla sijafungua mdomo akanikumbatia kwa nguvu zake zote.

Maji yakatoka. Siongezi chumvi. Yalitoka kwenye mikono ya koti, yakatoka chini, yakamwagika kwenye gauni lake na kwenye viatu vyangu, na sponji ikafanya ile sauti yake. Senge akaniachilia. Akanitazama. Halafu akanifinya kifuani kwa vidole viwili, pole pole, kama daktari. Maji tena.

"Mama Nekesa!" akaita kuelekea jikoni. "Kuja uone maajabu! Huyu mtu anakamuliwa!"

Mama yake Nekesa akatoka. Ni mwanamke mfupi, mnene kama binti yake, na macho yake hayana haraka. Akanishika mkono akanivuta ndani karibu na jiko, akaniambia nitoe koti. Nikasema niko sawa, Mama, litakaukia mwilini.

"Toa koti, kijana. Utashikwa na homa kwangu watu waseme nini?"

Nikatoa. Shati langu jeupe lilikuwa limenishika mwili, na kila ubavu ukasimama kuhesabiwa. Mama yake Nekesa alilipokea koti kwa mkono mmoja, likamvuta chini, ikabidi aongeze wa pili. Akaenda nalo mlangoni, akalikamua, mshono wa kwapa ukaachia, na kipande cha sponji cha rangi ya manjano kikachungulia nje. Akakivuta. Kikaja. Akavuta kingine. Nekesa alikuwa amesimama na sahani mikononi, mdomo wazi. Senge akauliza kama nimekuja kuoa ama kuuza magodoro, na hapo mama yake Nekesa akacheka mpaka akakaa chini kwenye kizingiti. Wajukuu wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanya nini tena?

Halafu akainua macho akaona lile shati. Kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo, na nikajua anamwona nani mahali pangu.

"Kijana," akasema. "Wewe ni mgonjwa?"

Kwetu watu hawaulizani hivyo. Wanauliza majirani, wanauliza kanisa, wanamwangalia mtu shingo na midomo, lakini mwenyewe hawamuulizi.

Nikiri hapa: nilitaka kukasirika. Maneno yalikuwa yamefika kwenye ulimi, ati mimi ni mgeni, ati nimedharauliwa. Lakini nikaangalia yale manjano yaliyotapakaa mlangoni. Huyu mama alitakiwa kuamini mdomo wa mtu aliyeingia kwake amevaa godoro. Kama kuna mtu aliyeharibu bei ya mdomo wangu, ni mimi.

Basi nikamwambia yote, bila kupunguza inchi.

Nikamwambia siumwi. Nikamwambia tumepimwa na Nekesa, lini na wapi, na kwamba karatasi hakuna. Nikamwambia niliweka sponji kwa sababu niliogopa ataniona nilivyo na kunifukuza kabla sijamaliza salamu. Nikamwambia baba yangu yuko Naitiri, ni mwembamba kunishinda, na mpaka leo analima shamba lake la mahindi mwenyewe na kuwachosha vijana wanaomsaidia. Nikamwambia nimekula chakula cha binti yake mwaka mzima na mtu akitaka kujua kimeenda wapi hata mimi nitashukuru nikiambiwa. Senge akaguna kidogo hapo, lakini mama yake Nekesa hakutikisika.

"Jumamosi ijayo," nikasema, "chagua kituo chochote hapa Bungoma, Mama. Nipimwe tena, wewe ukiwa umekaa mlangoni. Na ukitaka kuniuliza tena, niulize. Sitachukia."

Mvua ilikuwa imepungua, na kuku walishaanza kutoka uani.

"Yule mwingine sikumuuliza," mama yake Nekesa akasema mwishowe. Hakuwa ananiangalia. "Alikuja na koti kubwa pia, wakati wa jua. Niliona. Lakini niliona haya kuuliza mgeni, nikampikia kuku, nikanyamaza." Senge akamwambia basi, mama, basi. Akajipangusa macho kwa ncha ya leso. "Hiyo Jumamosi mkuje," akasema, akasimama, akarudi jikoni.

Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Nekesa alinipa sweta yake ya bluu ya kazini nibadilishe. Tungeingia wawili mle ndani. Mikono tuliikunja mara nne. Inanukia moshi na vitunguu, na joto nililolipata humo koti langu halikunipa hata kabla ya kuloa. Lakini mwenyewe alikuwa amenuna. Alinivuta pembeni, akaninong'oneza kwa hasira, "Mimi nilikupenda wewe. Sasa ulikuwa unamletea mama yangu mtu gani?" Mwaka mzima nimemwambia mwili wake ni mzuri vile ulivyo, na wangu nikauficha. Nilijiona mjinga, na nikamwambia hivyo. Akanisukuma bega kidogo. Nikajua nimesamehewa nusu.

Chakula kililetwa, kuku na ugali wa mtama na mboga. Nilikula mara tatu, senge akiinama kuangalia chini ya meza kama kuna mbwa ninayemlisha. Lakini mama yake Nekesa hakuja mezani. Alikula kule jikoni, ameketi ametupa mgongo, na kila nikisikia kijiko chake nilisikia "hapana". Nilijiambia, Simiyu, umekuja, umecheka, umekula, sasa enda nyumbani.

Jua lilikuwa limerudi nilipoaga. Wote wakatoka nje. Nikapeana mkono na senge, akanifinya vidole akicheka. Nikageuka kwa mama yake Nekesa, nikanyoosha mkono nikasema, asante sana, Mama.

Akarudi nyuma hatua mbili. Mikono yake yote miwili akaificha nyuma ya mgongo.

Nilibaki na mkono hewani ndani ya ile sweta. Yeye alikuwa anaangalia chini. Nikasema asante tena, sijui kwa nini, nikageuka nikaanza kutembea kuelekea lango, macho yameniuma. Huyu mama alinishika mkono nilipofika. Sasa hata kunigusa hataki. Ameniona, amenipima, ameamua.

Langoni Nekesa akanifikia akikimbia. Alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Wewe Simiyu ni Mbukusu wa wapi? Umewahi kuona mama mkwe akishikana mkono na mkwe wake?"

Nikasimama.

Kwetu mwanaume hamshiki mkono mama wa mke wake. Hawali pamoja pia. Ni heshima, na haianzi siku ya harusi, inaanza pale moyo wa mama umekubali. Nimekulia mjini Kitale lakini hilo nalijua tangu utotoni, nimeona baba akizunguka nyumba nzima ili asipitane na nyanya mzaa mama mlangoni. Nilisahau, kwa sababu sikuthubutu kufikiri kwamba linanihusu.

Niligeuka nikaangalia. Alikuwa bado amesimama uani, mikono nyuma, na senge alikuwa anampigapiga begani na kupiga vigelegele peke yake. Na ile Jumamosi ya kupimwa bado haijafika. Hakuingoja.

Nililia, basi. Ndani ya sweta ya mwanamke, barabarani Kanduyi, vijana wa kengele wakipita. Nekesa akaniambia kwa wembamba wangu nikipoteza hata hayo machozi nitaisha.

Manyunyu yamekoma sasa. Mwenye saiba ananitazama kwa wasiwasi nikichekea kompyuta. Wiki hii nina sare kumi na mbili za kwaya, na Jumamosi nitashuka Kanduyi na shati la mikono mifupi, mvua ikitaka inyeshe. Nitasimama mbali kidogo uani, nimwamkie mama mkwe kwa mdomo tu.

Nimesoma tena huo mstari. Nimeandika "mama mkwe" bila hata kufikiria.

Sifuti.